Mteja amepata korosho za bei ya chini kwa mwingine: ushushe, ushikilie, au umbadilishie mzigo?

Nawaandikia wenzangu tunaobangua korosho kwa kiasi kidogo huku Kusini, kuanzia Newala, Tandahimba na Masasi mpaka Nachingwea, Ruangwa na Lindi mjini. Swali ni lile linaloingia kwenye simu zetu kila mara: "Dada, kuna mtu ananiuzia kilo elfu kumi na tisa. Wewe mbona elfu ishirini na nne?" Jibu la hapo lina uzito kuliko tunavyodhani, na nimeona wengi wakilitoa kwa hofu, papo hapo, kabla hata ya kuuliza hiyo ya elfu kumi na tisa ni korosho gani.

Njia ziko nne. Unaweza kushusha bei. Unaweza kuishikilia. Unaweza kumpa mzigo mwingine unaolingana na pesa aliyonayo. Au unaiacha bei palepale na kulegeza kitu kingine: nyongeza, kiasi, muda wa kulipa. Nitazipima moja kwa nyingine, ila nasema mapema ninakoegemea: bei isishuke peke yake. Ikishuka, kuna kitu ndani ya mfuko nacho kishuke, na mteja akijue.

Kilo yake na kilo yako

Kabla ya kulinganisha majibu, linganisha bidhaa. Kilo mbili za korosho zinaweza kulingana uzito tu, kwingine kote zikapishana.

Anza na gredi. Soko la dunia hupanga punje nzima nyeupe kwa herufi W na namba, na namba hiyo ni idadi ya punje zinazoingia kwenye ratili moja, yaani kama gramu 454. W180 ni punje kubwa kabisa, W240 ni za wastani mzuri, W320 ni ndogo zaidi na ndizo zinazouzwa sana, W450 ni ndogo kabisa. Kilo ya W240 ina punje kama 500. Kilo ya W320 ina karibu 700. Chini ya hizo kuna zilizopasuka nusu, kuna vipande, kuna zilizoungua kidogo. Anayeuza kwa elfu kumi na tisa huenda anauza mchanganyiko, nzima zikiwa juu na vipande chini. Kuuza vipande si kosa hata kidogo. Kosa ni kuviita nzima.

Unyevu nao ni bei. Punje iliyobanguliwa vizuri hukaushwa mpaka maji yaliyobaki ndani yasizidi asilimia 5. Isipofika hapo inakuwa laini mdomoni, inaota ukungu mapema, na mteja amelipia maji kwa bei ya korosho. Kama huna kifaa cha kupimia, ivunje kwa vidole: iliyokauka hukatika kwa mlio, ambayo bado hujipinda kwanza. Umri pia uangalie, maana punje ina mafuta mengi, na mafuta yakikaa muda mrefu kwenye mfuko usiofungwa vizuri huchacha. Harufu itakwambia kabla ya ulimi.

Halafu kuna jambo ambalo picha ya WhatsApp haiwezi kulionyesha, nalo ni ghafi, yaani korosho isiyobanguliwa, ilikotoka. Anayenunua kwa kangomba, vichochoroni, nje ya minada ya vyama vya ushirika, anaipata kwa bei ambayo wewe unayenunua kihalali hutaifikia kamwe. Kangomba imepigwa marufuku, na anayeumia ni mkulima aliyebanwa na shida kabla mnada haujafunguliwa. Bei iliyojengwa juu ya hilo usiikimbize. Nalisema kwa mkazo kwa sababu wengi wetu ni watoto wa wakulima haohao.

Kwa hiyo mteja akikutajia bei ya mwenzako, muulize mambo mawili kwa upole: ni nzima au mchanganyiko, na zimebanguliwa lini? Akiweza, akutumie picha ya punje zikiwa zimemwagwa kwenye sinia, si ndani ya mfuko. Mara nyingi ulinganisho unaishia hapo. Lakini si mara zote. Kiwanda chenye mashine na mtaji mkubwa kinaweza kukuzidi kwa bei huku punje zikiwa nzuri kama zako. Ukikuta hivyo, kubali kwamba ndivyo ilivyo, kisha uchague njia.

Kushusha, kwa hesabu

Tuchukue mfano, namba zibadilishe ziwe zako. Tuseme ghafi umeipata kwa shilingi 3,000 kwa kilo. Ili upate kilo moja ya punje unahitaji kilo nne hadi tano za ghafi, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito ni ganda. Tuweke nne na nusu: hapo tayari ni 13,500. Kubangua, kumenya ngozi na kuchambua gredi, 2,500. Moto wa kuchemshia na kukaushia, mfuko, lebo na usafiri, 2,000. Kilo moja imekugharimu 18,000.

Sasa beba kilo kumi za punje. Kwa kubangua kwa mikono hazitoki zote nzima. Tuseme saba ni nzima na tatu ni vipande. Nzima unauza 24,000, vipande 16,000, yaani chini ya gharama yake. Unakusanya 168,000 na 48,000, jumla 216,000. Toa gharama ya 180,000, umebakiwa na 36,000.

Mteja amelia, umeshusha nzima hadi 21,000. Unakusanya 147,000 na zile 48,000 za vipande, jumla 195,000. Faida ni 15,000.

Umepunguza bei kwa sehemu moja ya nane, na faida imekatika zaidi ya nusu. Ili urudishe ile 36,000 utalazimika kubangua kilo 24 za punje badala ya kumi, na hizo zinataka ghafi kilo 108 badala ya 45. Huo mtaji utatoka wapi? Na nani atazibangua? Kina mama wanaoshinda kwenye meza za kubangulia wanajua mafuta ya ganda yanavyochubua vidole. Siwezi kuona haki ya kuwaongezea kazi zaidi ya mara mbili ili mteja mmoja aokoe elfu tatu.

Kuna na hasara isiyoonekana kwenye daftari. Mji wetu wa Mtwara si mkubwa. Ukimshushia mtu wa Shangani asubuhi, jioni wa Chikongola anakuja na bei hiyohiyo mdomoni, na aliyelipa 24,000 jana anajiona amepunjwa. Tangu hapo mazungumzo yako na kila mteja yanaanzia 21,000 kwenda chini.

Hata hivyo ziko nyakati ambazo mimi mwenyewe ningeshusha bila kusita. Moja ni pale punje zilizokaangwa zinapokaribia kupoteza ladha: tangaza bei ya kumalizia, iandike, kila mtu aipate. Nyingine ni pale ghafi inaposhuka mnadani. Bei ya ghafi huku kwetu hupanda na kushuka sana. Mwaka 2018 serikali ilinunua kwa 3,300. Msimu wa 2024/2025 minada ilifunguliwa kwa bei iliyozidi 4,000. Ghafi ikishuka, gharama yako imeshuka, na ni haki mteja apate sehemu ya unafuu huo. Lakini angalia na upande wa pili: kwa ghafi ya 4,000, kilo moja ya punje imemeza 18,000 kabla hujawasha moto. Mtu akiuza nzima nyeupe kwa elfu kumi na tisa katika msimu kama huo, rudi kwenye yale maswali ya mwanzo.

Kushikilia, na nani anaweza

Kushikilia bei si jambo geni Kusini. Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba walisomewa bei za wanunuzi mnadani, wakazikataa. Waliweza kukataa kwa sababu korosho ghafi iliyokauka, ikiwa ghalani, inasubiri. Novemba serikali ikaingia kununua kwa ile 3,300. Wapo waliochelewa kulipwa mpaka mwaka uliofuata, kwa hiyo sisemi kwamba kushikilia hakuumi. Ninachosema ni kwamba anayeshikilia bei lazima awe na bidhaa inayoweza kungoja pamoja naye.

Hapo ndipo wabanguaji wadogo wengi wanapojifunga wenyewe. Tunabangua gunia zima kwa mara moja, tunakaanga, tunajaza mifuko, halafu tunaanza kutafuta wanunuzi. Kila siku inayopita inakusukuma kushusha, na mteja mzoefu anaisikia hofu hiyo kwenye sauti yako. Ghafi iliyokaushwa vizuri na kuwekwa kwenye gunia mahali pakavu inakaa miezi mingi. Iliyokaangwa haikupi nafasi hiyo. Anayetaka kusimama kwenye bei yake abangue kwa oda, au kwa kiasi anachojua kitaisha ndani ya wiki chache.

Na ukibangua kwa oda, hesabu inakuwa upande wako. Rudi kwenye mfano. Ukishikilia 24,000 ukapoteza nusu ya wateja, ukauza mzigo wa kilo tano badala ya kumi, faida ni 18,000, na ghafi ya zile tano nyingine ipo bado stoo. Ukishusha na kuwabakiza wote, faida ni 15,000. Nusu ya wateja kwa bei kamili wamekuzidishia kuliko wote kwa bei iliyokatwa. Kwa aliyekwisha kukaanga zote kumi hesabu hii haifanyi kazi, kwa sababu tano zilizobaki zimeshameza gharama zote na zinachacha.

Maneno ya kushikilia yawe machache. "Sawa kaka, nimekusikia. Zangu ni nzima, zimebanguliwa wiki hii, kilo ni elfu ishirini na nne. Za huko zikikufaa, chukua. Ukizihitaji hizi, nipo." Basi. Usimseme vibaya mwenzako, kwanza humjui vizuri, pili mteja anakusikiliza kupima tabia yako. Na maelezo marefu yanasikika kama kujitetea. Acha sinia ya kuonja ifanye kazi hiyo, pamoja na lebo yenye tarehe ya kubangua, gredi na alama ya TBS, ile ya Shirika la Viwango, kama umeshaipata. Ambaye hajapata mafunzo ya usindikaji na vifungashio aanzie SIDO, shirika la viwanda vidogo; kwa maswali ya zao lenyewe, watafiti wa kilimo wa TARI Naliendele wako hapahapa Mtwara.

Kumbadilishia mzigo

Kati ya njia zote nne, hii ndiyo naipenda zaidi, na ndiyo inayotumika kidogo kuliko zote. Wengi tunauza aina moja ya mfuko, hivyo mteja mwenye elfu ishirini hana pa kwenda ila kwa mwenzetu.

Weka mifuko mitatu. Nzima, 24,000. Mchanganyiko wa nusu nzima na nusu vipande, 20,000. Vipande, 16,000. Mteja akitaja elfu kumi na tisa, jibu lipo tayari: "Kwa bajeti hiyo kuna mchanganyiko wa elfu ishirini, korosho ni zilezile za wiki hii, ila nusu ni vipande. Au chukua nzima robo tatu ya kilo, elfu kumi na nane." Linganisha na kushusha. Kwa vyote viwili mteja anaondoka na korosho za pesa aliyokuwa nayo. Kwa kushusha, bei ya nzima imevunjika. Kwa kubadilisha mzigo, bei ya nzima imebaki pale pale, na wewe umetoa vipande ambavyo vingekaa.

Tena wako wateja ambao nzima hawazihitaji, wanaziomba tu kwa mazoea. Mwoka keki atazikatakata. Anayetia kwenye mchuzi atazisaga. Muulize mtu anakwenda kuzifanyia nini, na mara nyingi utamwokolea pesa bila kujipunguzia kitu.

Sharti lake ni moja na halina mjadala: lebo iseme kilichomo. Ukichanganya vipande chini ya nzima kimyakimya ili ufikie bei ya mwenzako, umeingia kwenye ile biashara niliyoieleza juu, na mteja akimwaga mfuko kwenye sinia nyumbani kwake, imani imekwisha.

Nyongeza, bei ya jumla na mali kauli

Nyongeza ni desturi yetu sokoni na inafaa kuheshimiwa. Tazama gharama yake: gramu 100 za vipande juu ya kilo ya nzima ni thamani ya 1,600. Punguzo lile lilikuwa 3,000. Mteja anayesema "nifanyie basi, dada" mara nyingi anataka kuondoka akijua amethaminiwa, na kiganja kilichojaa kinalifanya hilo vizuri kuliko noti. Kesho akimsimulia rafiki yake atasema alinunua elfu ishirini na nne akaongezwa. Bei iliyosafiri ni ya kwako.

Bei ya jumla ni punguzo, lakini lina sababu inayoonekana. Kuanzia kilo 20, kwa mfano, 22,500, akilipa taslimu na kuchukua kwenye mfuko mmoja mkubwa bila lebo ndogondogo. Umeokoa vifungashio na usumbufu, na mtaji umerudi kwa mkupuo. Iandike mapema kwenye orodha yako. Bei ya jumla inayotajwa tu baada ya mteja kulalamika ni kushusha kwa jina lingine.

Mali kauli ndiyo ya kuangaliwa sana. Mwenye duka anakubali bei yako yote, ila atalipa akishauza. Bei imesimama, pesa imelala. Huku kwetu majira ndiyo yanayoamua. Kuanzia Oktoba mpaka mwisho wa msimu wa minada, kila shilingi yako inatakiwa iwe kwenye ghafi ya kukufikisha mwaka mzima. Mali kauli katika miezi hiyo inakugharimu kuliko hata kushusha bei, maana msimu ukipita na wewe huna ghafi, huna biashara mpaka mwakani. Kuanzia Machi hivi, ghafi ikiwa imeshaingia stoo, unaweza kumpa mtu mwaminifu kwa kiasi kisichokuyumbisha, kwa maandishi na tarehe.

Kwa mnunuzi wa hapahapa majira yanafanya kazi kinyume. Kwenye miezi ambayo mifuko imekauka, kabla ya ufuta kuuzwa, anaposema "ni ghali" mara nyingi maana yake ni kwamba pesa haijaingia. Huyo usimshushie. Mkubalie aweke kidogo kidogo, akimaliza achukue mzigo wake.

Nani apewe ipi

Msafiri anayesubiri basi stendi ya Mkanaledi: shikilia, onjesha, toa nyongeza. Hana muda wa kuzunguka na anabeba zawadi ya watu wa nyumbani. Nzima nzuri ndiyo anayoitafuta.

Mwenye duka wa Dar es Salaam: bei ya jumla iliyoandikwa, na mchanganyiko kama soko lake ni la bei ya chini. Kwa huyu, mshindani wako yuko jirani kuliko wewe, kwa hiyo anachopima ni bei na uhakika wa kufikiwa na mzigo. Mei 2024 mvua za kipindi cha kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar, na mzigo ukakwama. Kwa mteja wa aina hii, kumpelekea mapema kabla ya masika kuna thamani kuliko kumkatia mia tano kwa kilo, na ukilifanya hilo mtajie wazi kwamba ni sehemu ya bei yake.

Hoteli au mgahawa: kubalianeni bei ya miezi kadhaa kwa kiasi kinachojulikana, na muandikiane kwamba ghafi ikipanda au kushuka mnadani sana mtakaa tena. Hapa usiogope kuzungumza nao waziwazi kuhusu gharama ya ghafi, wenyewe wananunua vitu kila siku na wanaelewa.

Ndugu na jirani ndio wagumu kuliko wote. Shangazi akikwambia "mwanangu, hata mimi?" huwezi kumjibu kama mteja wa simu, wala haifai. Tenganisha undugu na bei. Kilo muuzie kwa bei yake, kisha mpe robo kilo kama zawadi, umkabidhi kwa mikono miwili. Zawadi ni ya shangazi peke yake. Ungemkatia bei, wiki ijayo mtaa mzima ungekuwa mashangazi.

Na yule aliyeondoka kwenda kwa mwenzako, akarudi: mfuko uleule, bei ileile, hakuna kumuuliza alikuwa wapi. Kama ghafi imepanda wakati hayupo na bei yako imebadilika, mtajie bei mpya na tarehe ilipoanza, umwoneshe na orodha, ili asidhani kwamba ameadhibiwa kwa kuondoka.